Kipupwe kimebisha hodi: pikipiki ya mzee ilale au itembee?

Mwezi huu tunaachana kidogo na habari za michepuko na michango ya harusi, tunaingia gereji. Ndiyo, gereji! Na kabla hujafunua kurasa kukimbilia mapishi, hebu jiulize: nyumbani kwako, au kwa huyo unayepanga kuishi naye, hakuna kitu kimoja cha zamani ambacho mwenzako anakipenda kupita kiasi na wewe kinakunyima usingizi? Kwa wengine ni gari bovu lililopandishwa juu ya matofali tangu enzi hizo. Kwa wengine ni redio ya babu isiyoshika stesheni yoyote. Kwa familia yetu, kule Itumba wilayani Ileje, ni pikipiki.

Ni Honda CG125 aliyoiacha baba. Tanki jekundu, kiti kilichoshonwa mara tatu, mlio ambao mtaa mzima unaujua. Sasa anayo mdogo wangu, na kila mwaka Mei ikielekea ukingoni, swali ni lile lile: iwekwe ndani mpaka baridi iishe, au iendelee kupiga kazi?

Utasema, jamani, hilo nalo ni la kuandikia safu? Subiri kwanza. Kipupwe cha mwaka jana swali hilo lilimhamisha wifi yangu na mtoto chumba cha pili kwa wiki nzima. Simu yangu ikawa haipumziki. Asubuhi ananipigia yeye: "Wifi, ongea na ndugu yako." Jioni ananipigia huyu: "Dada, niongelee na wifi yako." Mimi mhariri, niliyesomea mawasiliano chuo kikuu, nikajikuta nasomea kabureta.

Baridi ya Itumba si ya kulala bila feni

Kama unasoma haya ukiwa Dar au Tanga, neno kipupwe linakuletea picha ya upepo mwanana wa jioni. Songwe ni habari nyingine kabisa. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni nchi ya juu, na Ileje imejibanza kwenye kona ya mpaka wa Malawi na milima ya Undali. Juni na Julai kuna asubuhi ambazo ukungu unashuka mpaka mlangoni. Vijana wa bodaboda wanavaa makoti mazito kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate pa kuingilia kifuani. Wengine wanaweka gazeti ndani ya koti. Usicheke, linasaidia.

Halafu kuna suala la jua, ambalo wengi hatulifikirii. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, ila jua linafuata mambo yake. Songwe iko mbali magharibi, kwa hiyo mwishoni mwa Juni, Dar es Salaam jua linachomoza kama saa 12 na dakika 35 asubuhi, wakati Itumba linachomoza saa 1 imeshagonga. Maana yake ni kwamba mtu anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi anatoka usiku. Tuite jina lake: ni usiku.

Na upepo je? Joto likiwa nyuzi 10 na wewe umesimama nje na kikombe cha chai, unavumilia. Panda pikipiki, shika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 5 hivi. Vidole vinaanza kufa ganzi. Sasa kumbuka kwamba vidole hivyo ndivyo vinavyoshika klachi na breki ya mbele, na kwa mwendo huo pikipiki inameza karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vikichelewa sekunde moja tu, umeshapita mlango wa nyumba, ua na nusu ya shamba la jirani.

Yeye anasema hivi, na yeye anasema vile

Mdogo wangu anafanya kazi Tunduma, mambo ya forodha. Siku tatu kwa wiki lazima awepo ofisini saa 1 na nusu asubuhi. Anatoka Itumba saa 12, anafuata lami mpaka Mpemba, anaingia barabara kuu iendayo Zambia, anamalizia Tunduma. Kwa pikipiki ni saa moja na robo hivi. Anasema usafiri wa abiria unampotezea muda, mara gari lisubiri lijae, mara lisimame kila kijiji. Pikipiki inamfikisha na inamrudisha mapema acheze na mwanawe.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, anayoisema mbele za watu. Ya pili aliniambia usiku, simu ikiwa imebakiza chaji kidogo. "Dada, kile chuma kikiingia stoo hakitoki. Unakumbuka baba? Alisema anaiweka msimu mmoja tu, miguu ipone. Ilikaa miaka minne."

Nakumbuka. Tulipoitoa baada ya msiba, panya walikuwa wametafuna nyaya, tanki limeota kutu ndani, matairi yamepasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Mdogo wangu alitumia akiba yake yote ya mwaka ule kuifufua. Alipopiga kiki ikawaka, mama alitoka jikoni akidhani mzee amerudi. Kwa hiyo mtu anapomwambia "weka ndani", yeye anasikia neno jingine kabisa.

Wifi yangu naye ni mtumishi wa halmashauri, ofisi yake iko hapo hapo Itumba, anatembea kwa miguu. Watu wa upande wetu walishaanza kumsema, oo, hapendi kitu cha mkwewe, oo, anataka iuzwe wanunue Boxer mpya. Nikamuuliza wazi: "Wifi, shida yako hasa ni nini?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Akishaondoka mimi silali. Nausikiliza ule mlio mpaka unapotea. Halafu nakaa na simu mkononi nasubiri aandike amefika. Siku nyingine meseji inakuja saa 6 mchana, eti alisahau. Wifi, mimi toka saa 12 mpaka saa 6 nakuwa nimeshamzika mara ngapi?"

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa. Wiki nzima walikuwa wanabishania baridi, oili na kutu. Mmoja alikuwa anaogopa kumpoteza baba mara ya pili, mwingine anaogopa kumpoteza mume. Na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake hivyo.

Mbona Wazungu wanaweka?

Wifi alikuwa na hoja moja nzito aliyoitoa kwenye intaneti: Ulaya wenye pikipiki kongwe wanazifungia kipindi chote cha baridi. Ni kweli. Uingereza, kwa mfano, wengi huzifunika majira ya baridi yanapoingia, wakazitoa machipuko yanapofika. Wenzetu huko wanaenzi vyombo vya zamani kiasi kwamba chombo kikishapita miaka 40 husamehewa kodi ya barabara.

Lakini angalia sababu yao. Kule barabara zinaganda barafu, na ili iyeyuke halmashauri zao zinamwaga chumvi barabarani. Chumvi ikichanganyika na maji inarukia rimu, eksozi, spoku na nyaya, na chuma cha miaka 40 kinaliwa huku unakiona. Wanaikinga pikipiki dhidi ya chumvi.

Itumba hakuna barafu wala chumvi barabarani. Kwetu kipupwe ni kiangazi pia: mvua zimekata, njia za Ibaba na Kafule zinapitika, kahawa inachumwa, mahindi yanavunwa. Ndiyo miezi ambayo watu wanasafiri, wanalipana madeni, wanaoana. Ukisema mashine ilale kwa ajili ya usalama wake yenyewe, basi ingelala wakati wa mvua zinazoanza Novemba, barabara za vumbi zinapogeuka utelezi, tope likijaa kwenye cheni na maji yakiingia kwenye breki.

Na chumvi yetu sisi iko wapi? Iko stoo! Angalia stoo ya nyumba yoyote ya Ileje mwezi Julai: magunia ya mahindi mapya, na pembeni mifuko ya mbolea iliyobaki. Mahindi yanaleta panya, panya wanaleta meno yao kwenye nyaya. Mbolea za viwandani nyingi ni chumvichumvi, zinavuta unyevu hewani na kula chuma kilicho karibu. Honda ya baba haikuharibiwa na barabara. Iliharibiwa na ile miaka minne nyuma ya magunia.

Kwa hiyo kwa upande wa mashine, mdogo wangu alikuwa na haki. Na ngoja nikupe kidogo sifa za mashine yenyewe, maana kina kaka wananisoma pia. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976. Ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki moja inabeba familia, gunia na mbuzi, na oili inabadilishwa fundi akikumbuka. Silinda moja, inapozwa na upepo, vitu vya kuharibika ni vichache. Viwanda vya China vilikuja kuiga injini yake, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa kwetu enzi bodaboda inashika kasi zilikuwa wajukuu zake. Ndiyo maana mpaka leo fundi wa Tunduma anaweza kukutafutia kipuri kikakubali bila kuagiza Japani.

Lakini wifi naye alikuwa na haki

Hapa ndipo kina kaka mnapotakiwa kusoma taratibu. Mashine kutoogopa baridi haina maana kwamba safari ni salama.

Baba alipokuwa anaiendesha Honda ile, njia ya Itumba ilikuwa ya vumbi na mawe. Mwendo wa kilomita 30 ulikuwa mwendo wa kujisifia. Leo Mpemba mpaka Isongole, kilomita zipatazo 50, ni lami. Kijana anaweka gia ya mwisho, 60, 70, anateleza tu. Sawa, barabara imebadilika. Breki je? Breki ni zile zile za ngoma, mbele na nyuma. Taa je? Ya kwetu ni ya umeme wa volti 6, mwanga wake wa njano kama kibatari, na unafuata mzunguko wa injini: ukipunguza mwendo, nao unafifia. Sasa fikiria ukungu. Unapunguza mwendo kwa sababu huoni, na ukipunguza mwendo unazidi kutoona. Ukiwasha taa kali, ukungu unakurudishia mwanga usoni.

Ukifika Mpemba unakutana na malori yaendayo Zambia na Congo, yamepanga foleni kuelekea mpakani, mengine yameegeshwa pembeni bila hata taa ndogo ya nyuma. Lori lenye vumbi ndani ya ukungu saa 12 na nusu asubuhi halionekani mpaka uko chini yake.

Nilimweleza mdogo wangu hivi bila kumpamba. Akajibu, "Lakini dada, baba aliendesha miaka yote." Nikamwambia baba hakuwahi kwenda Tunduma saa 12 asubuhi, tena mwezi wa saba. Baba alikuwa anakunywa chai, anangoja jua liguse bati, ndipo anatoka. Akacheka. Ni kweli, mzee alikuwa na usemi wake kwamba asubuhi ni ya kuku.

Injini haipendi salamu za dakika tatu

Kabla sijakwambia walivyomaliza, tuweke sawa jambo moja ambalo nyumba nyingi wanakosea. Wako wanaosema, basi tuifungie, ila kila Jumamosi tunaiwasha dakika tatu "isife". Mafundi wawili niliowauliza walitikisa kichwa. Injini inapowaka hutengeneza mvuke wa maji. Ikipata moto vizuri, mvuke unatoka. Ukiizima kabla haijachemka, maji yanabaki kwenye eksozi na kwenye oili, yanakula chuma kutoka ndani. Dakika tatu kila wiki kwa miezi mitatu ni mbaya kuliko kuiacha imelala kwa mpango. Kama unaiwasha, iendeshe nusu saa ipate joto. Kama huna nusu saa, iache.

(Nasikia kuna wachumba wa mbali wanaopigiana simu za dakika tatu Jumamosi kwa Jumamosi. Sisemi kitu.)

Kama mmeamua ilale

• Badilisha oili kabla ya kuiweka. Oili chafu ina tindikali, itaguguna injini taratibu huku wewe umelala.

• Funga koki ya petroli, kisha mwaga petroli yote iliyobaki kwenye kabureta. Ikikaa miezi inakauka na kuacha gundi inayoziba vitundu vidogo. Hii ndiyo sababu namba moja ya "ilikuwa nzima, sijui imekuwaje".

• Tanki la chuma lijaze mpaka juu. Likiwa nusu, hewa iliyomo inatoa jasho usiku wa baridi na kutu inaanzia hapo.

• Toa betri, iweke mahali pakavu, ichajishe kila mwezi.

• Fungua plagi, tia matone machache ya oili safi kwenye silinda, piga kiki polepole mara mbili tatu, rudisha plagi.

• Isimamishe kwa stendi ya kati, jaza upepo matairi. Ziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa, na funga utepe mwekundu kwenye usukani usije ukasahau ukaiwasha hivyo.

• Ifunike kwa shuka au kitenge cha zamani. Nailoni inafungia unyevu ndani.

• Isikae na mahindi, isikae na mbolea, na tafadhali sana isikae chumba mnacholala au jikoni penye jiko la mkaa. Mvuke wa petroli hauna mchezo.

Kama mmeamua itembee

• Vuta choki, iwashe, iache ipate joto kidogo kabla hujaipa mzigo. Kuitesa ikiwa baridi ni kuikata maisha.

• Soma matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zikiwa nzima lakini mpira umezeeka, kwenye lami yenye umande litakuangusha.

• Glavu, koti zito, buti, na kofia ngumu kwa dereva na abiria. Kofia ya abiria ni sheria, si mapambo. Kuitundika kwenye usukani hakumsaidii mtu.

• Mwambie fundi aangalie waya za taa na kiakisi cha nyuma. Jaketi la kiakisi ni bei ndogo kuliko chochote utakachonunua wikiendi hii.

• Usianze safari kabla ya jua. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ukifuata moja tu kwenye orodha hii, fuata hili.

Walivyokubaliana

Niliwashauri waweke simu pembeni, mtoto alale, wakae mezani na karatasi. Kila mmoja aandike anachoogopa, siyo anachotaka. Wakabadilishana karatasi. Sikuwepo, na sikuulizia kila neno, ila najua wifi alisoma habari ya miaka minne ya stoo, na mdogo wangu alisoma habari ya simu iliyoshikwa mkononi toka saa 12 mpaka saa 6. Kesho yake wifi na mtoto walirudi chumbani.

Mdogo wangu alimwendea bosi wake akaomba, Juni mpaka katikati ya Agosti, aingie saa 2 na nusu badala ya saa 1 na nusu, afidie jioni. Bosi akamkubalia siku mbili kati ya tatu. Ukipiga hesabu inakaa: anatoka Itumba saa 1 na dakika 10, jua limeshachomoza, anafika saa 2 na dakika 25. Jioni anaondoka saa 11, anaingia nyumbani saa 12 na robo, kabla jua halijazama. Ile siku ya tatu anapanda gari la abiria kama sisi wengine, analalamika njia nzima, anafika.

Kuhusu ukungu, sheria yao ni mparachichi wa jirani ng'ambo ya barabara. Asubuhi wifi ndiye anayefungua mlango na kuangalia. Mparachichi ukionekana, pikipiki inatoka. Usipoonekana, haitoki, na hakuna mjadala. Mdogo wangu aliniambia mwanzoni alihisi kama mwanafunzi anayeombewa ruhusa. Akaizoea.

Meseji ni mbili: ya kwanza Mpemba kabla hajaingia barabara kuu, ya pili akifika. Siyo simu, meseji tu, neno moja linatosha. Mwezi wa kwanza alisahau mara mbili, na mara zote mbili wifi alimpigia bosi moja kwa moja. Hajasahau tena.

Na Honda inalala wapi? Stoo imefutwa kabisa kwenye mazungumzo. Walijenga kibanda cha bati ubavuni mwa nyumba, sakafu ya saruji, mlango wenye kufuli. Kitenge kinachoifunika ni cha wifi mwenyewe, alichovaa siku ya kutolewa nje mtoto. Mvua za Novemba zilipoanza ililala humo mpaka Aprili kwa taratibu zote nilizokuandikia hapo juu. Ilipotolewa iliwaka kiki ya tatu. Wifi ndiye aliyenitumia video.

Nilimuuliza juzi kama sasa analala. "Bado naamka," akasema. "Saa ile ile. Ila sasa nikiamka nina kazi, naenda kuangalia mparachichi."

Na wewe je?

Sitakuambia kila mwenye pikipiki ya mzee afanye kama wao. Wewe labda unaishi Makete ambako baridi ni kali zaidi, au Moshi, au Limuru kule Kenya, au huna bosi wa kuelewana naye. Labda kitu chenu si pikipiki. Ila kabla hamjagombana tena, jaribuni hili: tenganisheni maswali mawili ambayo huwa yanajificha kwenye moja. La kwanza, kitu hiki kinahitaji nini ili kisiharibike? Hilo mwulizeni fundi, ana majibu. La pili, kila mmoja wenu anaogopa nini? Hilo fundi hana, na intaneti haina. Muulizane wenyewe, jioni, mtoto akishalala, na simu ziko chumba kingine.

Na wewe uliyeko ofisini unasoma hapa, ulifika saa ngapi leo? Kuna mtu ameambiwa?

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Tutazungumzia mama mkwe anayekuja "wiki moja tu" na sanduku la miezi sita. Mpaka hapo, vaa koti, ngoja jua.